Elinipendo, muuguzi aliyeumia mgongo 'nje ya eneo la kazi'

"Shikamoo, mzee Leodegar!"

"Marahaba."

Saa tatu asubuhi, katika kijiji kimoja cha Uru, chini ya Mlima Kilimanjaro, wanaume wanne wanashuka na machela kwenye njia nyembamba kati ya migomba na kahawa. Wawili wa mbele wameiweka mabegani, wawili wa nyuma wameishika mikononi, ili ikae sawa kwenye mteremko. Juu yake amelala mzee Leodegar Mosha, aliyeanguka kutoka juu ya mparachichi wakati akichuma. Paja lake la kulia limefungwa kwa mbao mbili. Mvua ya jana imeiacha njia ikiteleza kama mlenda.

Kila wanapopita kwenye nyumba, watu wanatoka na kumwamkia mgonjwa kwa sauti. Naye lazima aitikie. Akichelewa, mwanamke mwenye sare ya bluu anayetembea karibu na kichwa chake anafoka.

"Mzee, umeamkiwa! Itikia!"

"Marahaba, jamani, marahaba! Mtanimaliza kwa shikamoo zenu."

Wabebaji wanacheka, lakini mwanamke yule hacheki. Mkono mmoja ameushika mpini wa machela, mwingine ameukandamiza kiunoni, juu ya mkanda mpana wa mgongo alioununua kwenye soko la mitumba la Memorial. Kila hatua ya kushuka inamkunja uso.

Huyu ni Elinipendo Njau, miaka 43, mzaliwa wa Old Moshi, muuguzi wa gari la wagonjwa. Mgongo wake ulipata ulemavu kwenye njia hii hii, akiwa na sare hii hii, akimshusha mgonjwa. Waajiri wake wamemwambia kwamba hakuumia kazini.

Naomba msomaji arudie sentensi hiyo, kwa sababu mimi niliirudia mara nyingi nikidhani nimesikia vibaya.

Chini barabarani, dereva Sylvanus Shayo ameshafungua milango ya nyuma. Mzee anaingizwa. Kisha inafika zamu ya Elinipendo kupanda. Anapiga goti kwenye ukingo wa gari, anashika nguzo kwa mikono miwili na kujivuta polepole kama mtu anayetoka kisimani. Sylvanus anageuka kutazama pembeni.

"Hapendi aonekane," ananiambia baadaye. "Ukimsaidia anakugombeza. Basi mimi natazama migomba."

Mchana, mzee Leodegar akiwa ameshakabidhiwa hospitalini, Elinipendo anazungumza nami amesimama, ameegemea ubavu wa gari. Kukaa kwenye kiti kwa muda mrefu hawezi. Ananipa sharti moja tu.

"Andika yote. Jina la kituo changu liache. Nina watoto wawili shuleni na kazi yangu bado naitaka."

Ilikuwa masika ya mwaka jana. Mkulima anayeitwa Wilson alikuwa anakata majani ya ng'ombe juu ya ngema, penye mwinuko mkali, akateleza na kugonga kichwa kwenye jiwe. Elinipendo na Sylvanus waliitwa. Gari likaishia barabarani kama kawaida, kwa sababu hakuna gari linaloingia kwenye vihamba vile, mashamba ya migomba na kahawa yanayozunguka nyumba. Muuguzi akapanda kwa miguu na machela. Alipomaliza kumfunga mgonjwa, ndugu walikuwa wameshamnyanyua na kuanza kushuka naye, kichwa kikiwa mbele.

Hapo ndipo penye kisa. Katika vijiji hivi mtu hai hatangulizwi miguu. Anayetangulizwa miguu ni marehemu, anapelekwa kuzikwa. Lakini mlima haujui mila ya mtu. Ukimshusha mgonjwa kichwa mbele kwenye mteremko, kichwa kinakuwa chini na miguu juu.

"Wilson alianza kutapika," Elinipendo anasimulia. "Matapishi yakawa yanarudi puani. Alikuwa anazama mbele ya macho yangu, nchi kavu! Nikapiga kelele: mgeuzeni, miguu itangulie! Hakuna aliyenisikiliza. Nikamtukana Filemon. Tusi la Kichagga, usiliweke gazetini."

Filemon ni mdogo wake Wilson. Ndiye aliyekuwa ameshika mpini wa mbele kushoto. Leo asubuhi alikuwa miongoni mwa wale wanne waliombeba mzee Leodegar, na hafichi alichokifanya siku ile.

"Nilimwambia simtangulizi kaka yangu miguu kama namsindikiza kaburini. Wenzangu wakaanza kumgeuza. Mimi nikaachia kwa hasira. Sikufikiri kwamba upande wote ule utamwangukia dada."

Ulimwangukia. Wilson ni mtu wa mwili, na pembeni ya njia kulikuwa na korongo la mfereji.

"Ningeachia na mimi, angebiringika hadi chini," anasema Elinipendo. "Nikashika. Nikasikia kitu kinaachia huku chini ya mgongo, kama kamba ya ng'ombe inakatika. Nilimgeuza, nikamsafisha kinywa, tukafika barabarani. Maumivu yenyewe yalikuja kesho yake. Binti yangu Kindness ndiye aliyenivalisha soksi. Mimi, mama yake! Nililia siku ile, sikuficha."

Wilson alipona. Siku hizi anatembea na fimbo na kulisha ng'ombe wake. Muuguzi aliyemshika asibiringike ana pingili ya mgongo inayoukandamiza mshipa wa fahamu, na mguu wa kushoto unakufa ganzi akisimama sana. Daktari amemwambia aache kunyanyua, na kwamba anahitaji upasuaji.

Kituo anachofanyia kazi kina kamati ya usalama na afya ya watumishi. Jina zuri sana hilo. Elinipendo alipeleka dai lake kwenye kamati hiyo akitaka mambo mawili: atibiwe kama mtumishi aliyeumia kazini, na apewe kazi nyepesi mpaka apone. Aliitwa, akasimama mbele ya meza, akajibiwa.

Kwanza, aliambiwa, mwongozo unataka machela ibebwe na watumishi wanne waliofunzwa, naye aliwabebesha raia. Pili, ajali ilitokea shambani kwa watu, nje ya eneo la kazi.

Hebu tuulizane. Hao watumishi wanne wako wapi? Gari lile hutoka na watu wawili, muuguzi na dereva, na aliyewapanga wawili ni huyo huyo mwenye mwongozo wa wanne! Na eneo la kazi la gari la wagonjwa ni wapi, kama si pale alipoangukia mgonjwa? Au walitaka Wilson ajikokote kwanza hadi getini, ndipo atapike?

Nilimpigia simu mwenyekiti wa kamati. Alikuwa mpole, hata alinipa pole na kazi.

"Taratibu ni taratibu, ndugu mwandishi," alisema. "Tukiufungua mlango huo, kila mtu atakuja na mgongo wake."

Waje! Kama wameumia wote, waje wote! Ila hilo nililisema baada ya simu kukatika, na najuta kuchelewa.

Wakati huohuo Elinipendo aliambiwa na mkuu wake kwamba kama kazi imemshinda, aandike barua ya kuacha. Hajaandika. Amefunga mkanda wake wa mtumba na anaendelea kupanda mlima. Akianguka siku moja na asiinuke, ataondoka mikono mitupu, kwa sababu kwa maneno yao hajawahi kuumia.

Ninapomuuliza kuhusu mafunzo, anacheka kwa mara ya kwanza. Si kicheko kizuri.

"Nilifundishwa, usiandike sikufundishwa. Tulikaa ukumbi wa hoteli pale mjini, sakafu ya vigae, tukambeba mdoli wa plastiki. Mkufunzi alikuwa mtu mwema na anaijua kazi. Alituambia pinda magoti, usipinde mgongo. Sawa. Kwenye vigae unapinda magoti. Kwenye tope la Uru, mtu mzima wa watu yuko begani, ndugu zake wanakupigia kelele, unapinda nini? Nikamuuliza habari ya mteremko. Akasema kweli, dada, lakini ukumbi hauna mteremko."

"Na wengi mle ukumbini hawapandi gari," Sylvanus anadakia kutoka ndani, akifuta kioo. "Walikuja kula kuku."

"Wewe nawe nyamaza, hata wewe ulikula."

"Nilikula kwa sababu mimi ndiye ninayeendesha!"

Kilichofuata hakikutoka kwenye ukumbi wowote. Baada ya Wilson kurudi nyumbani, Filemon alikwenda Old Moshi akiwa na jani la sale mkononi, kaka yake akimfuata kwa fimbo. Kwa Wachagga sale ni kuomba msamaha, na anayeletewa hatakiwi kulikataa. Alilisimamisha mlangoni kwa Elinipendo na kuinamisha kichwa.

"Nililipokea," anasema Elinipendo. "Filemon hana mkataba na mimi. Halipwi, hajaapa, ni mkulima tu aliyekosea siku moja. Akapanda kilima na sale lake. Kazini kwangu mpaka leo hakuna aliyeniletea hata pole ya mdomo. Hiyo ndiyo inayonichoma kuliko huu mgongo."

Siku hiyo hiyo, wakinywa chai, ndipo yalipozaliwa yale maamkizi. Filemon alimweleza kwamba shida ya watu wake ni miguu. Majirani wakiiona miguu inatangulia, wanaangua kilio, na mama wa mgonjwa anaweza kuzimia akawa mgonjwa wa pili. Elinipendo akamuuliza: maiti inaamkiwa? Filemon akasema, haiamkiwi. Basi, akasema Elinipendo, huyu tutamwamkia njia nzima.

Hivyo ndivyo wanavyofanya sasa. Mzee anapewa shikamoo, kijana anaulizwa mambo vipi, mtoto anaitwa jina lake. Anayeitikia yuko hai, na hakuna anayelia. Muuguzi naye anapata faida yake.

"Aliyeumia kichwa akianza kuchelewa kuitikia, najua hali imebadilika kabla sijamgusa. Ndiyo maana namfokea. Si ukorofi. Asiyeweza kuitikia kabisa, wabebaji wanamwamkia vilevile, ili majirani wajue."

Jumapili baada ya misa, Filemon husimama nje ya kanisa na kukusanya wanaume wa kitongoji. Wanatumia ngazi ya kuchumia maparachichi kama machela, kwenye mteremko wenyewe, kwenye tope lenyewe. Elinipendo, ambaye ni Mlutheri, huwahi ibada ya kwanza kwao Old Moshi, kisha hupanda Uru kuwafundisha: nani akae juu, nani akae chini, nani ahesabu, na kwamba hakuna kuachia hata ukitukanwa. Mgonjwa wa mazoezi ni Sylvanus.

"Wamenichagua kwa uzito," analalamika. "Wanasema wakiniweza mimi wamemweza kila mtu."

Bibi Hilaria, mke wa mzee Leodegar, alikuwa akipinga jambo hili kwa nguvu zote. Leo asubuhi nilimkuta amesimama kwenye mlango wa kihamba chake, khanga imebanwa kifuani, akiitazama miguu ya mumewe ikitangulia.

"Moyo wangu ulikataa," aliniambia. "Lakini nilimsikia akiitikia mpaka kule chini kwa jirani yetu Mary. Nikasema aika, asante, Mungu, huyo bado ni wangu."

Haya yote, maamkizi, ngazi na wabebaji, kituo kinayajua. Hata yameshatajwa kwenye kikao kama mafanikio ya kituo. Kazi ya Jumapili Uru, shambani kwa watu, ni ya kituo inapoleta sifa. Mgongo ulioumia Uru, shambani kwa watu, ni wa Elinipendo peke yake. Huu si usahaulifu. Ni ukatili uliovaa tai.

Amekata rufaa. Baada ya kusumbuana sana, kamati imekubali kuja Uru Alhamisi ijayo kuona mahali penyewe kabla ya kutoa uamuzi wa mwisho. Wakikubali kwamba pale ni kazini, atafanyiwa upasuaji na kubaki na kazi yake, na kila muuguzi atakayepanda mlima baada yake atakuwa na mahali pa kushika. Wakikataa, atabaki na mkanda wa mtumba.

Namuuliza amejiandaa vipi. Nilitegemea aniambie habari za wakili, au vyeti vya daktari. Anajinyoosha, anakunja uso, anaachia ubavu wa gari.

"Filemon ameshanitayarishia vijana wanne. Machela nitaipandisha mwenyewe. Waswahili wanasema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, basi nitamwomba mwenyekiti alale. Nitamfunga vizuri, simtakii mabaya. Tutamshusha miguu mbele, na majirani wote watamwamkia, maana ni mtu mzima. Shikamoo, mwenyekiti. Marahaba. Mpaka kwenye ile kona ya mfereji, pale nilipoumia."

Sylvanus ameacha kufuta kioo.

"Pale nitawasimamisha. Yeye yuko begani kwa watu, chini yake korongo, na mimi nimeshika upande wangu. Ndipo nitamuuliza: mwenyekiti, hapa nilipo, niko kazini au siko kazini? Akisema siko kazini, nami nitamuuliza kama niachie."