Mkono Nilioinua Kando ya Bwawa

Nakumbuka Jumamosi moja ya mwaka 2015, pale Louisville, mwanangu, ingawa sina hakika kama naikumbuka yote sawasawa. Umri wangu ulikuwa wa mtu mzima, lakini kwa mambo ya nchi hii nilikuwa mtoto kabisa. Tulikuwa tumetoka kambi ya wakimbizi Tanzania miaka mitatu tu kabla.

Kazini, kwenye ghala kule Shively, aliyenifundisha kuendesha foklifti, lile gari la kuinulia mizigo, alikuwa mzee Mmarekani, Earl, aliyefiwa na mke. Akanipeleka klabu yake ya shabaha. Unasimama kando ya bwawa, mashine inarusha kisahani cha udongo, nawe unakipasua hewani. Mke wangu alinicheka sana.

"Baba Neema, tulikimbia risasi Burundi, wewe unazifuata Kentucky kwa gari?"

Nilipenda tu kuona kitu kinapasuka na hakuna aliyeumia.

Sasa, Jumamosi ile wanachama tuliitwa kikao. Mwenyekiti alishika karatasi, akaeleza kwamba marisau, zile punje ndogo zinazotoka kwenye bunduki, ni ya madini ya risasi, na yamejaa chini ya bwawa. Bata wanayameza wakidhani ni changarawe, wanapata sumu, wanakufa. Alitaka klabu ipige marufuku marisau hayo, watu watumie ya chuma.

Earl alisimama. Alikuwa na bunduki ya mitutu miwili aliyoachiwa na baba yake.

"Fundi ameniambia chuma kitaharibu mitutu ya bunduki hii," alisema. "Bunduki nyingine sina, na kwa umri huu sitafuti nyingine. Mkipitisha hili, mimi basi."

Akakaa. Mwenyekiti akauliza nani anakubali marufuku. Mkono wangu ukapanda.

Nikueleze ukweli, bata sikuwafikiria, wala Earl. Kambini, afisa akija na karatasi na kuuliza nani anakubali, unainua mkono, basi. Ukichelewa unaonekana mkorofi, na mkorofi hajui jina lake litarukwa lini kwenye orodha ya mgao. Nilijifunza hivyo tangu darasa la pili, na shule yangu haikwenda mbali zaidi ya la sita. Hicho si kisingizio. Au labda ni kisingizio, sijui.

Walihesabu mara mbili. Marufuku ilipita kwa tofauti ya mkono mmoja. Earl alifunga bunduki yake kwenye mfuko taratibu, akaingia kwenye pikapu yake, akaondoka bila kuniangalia.

Jumatatu, wakati wa mapumziko, alikuja kukaa mbele yangu na kahawa yake.

"Mel," aliniita, kama alivyozoea kulifupisha jina langu, "kumbe unawapenda bata kiasi hicho?"

"Hapana. Yaani, sijui."

"Sasa uliinua mkono kwa nini?"

"Mwenyekiti aliuliza."

Alicheka, kisha akaacha kucheka. "Wale wengine sababu zao nazijua. Mmoja wanawe wanavua samaki kwenye bwawa lile, siwezi kumchukia. Lakini wewe umenitoa uwanjani, na hujui kwa nini."

Alisema bila ukali, na ndiyo maana iliniingia. Jumamosi ndiyo ilikuwa siku yake pekee ya kuongea na watu nje ya kazi. Hilo nililijua kabla ya kikao.

Juma lile nilimwomba binti yangu Neema anisomee ile karatasi yote ya mwenyekiti. Nikaenda bwawani, nikachota tope la ukingoni kwa kiganja. Punje zilikuwepo, nyingi, nyeusi. Huenda nyingine zilikuwa zangu. Jumapili baada ya ibada nikabisha hodi kwa Earl. Miguu ilisita mlangoni, maana sikwenda kuomba msamaha tu.

"Nimefikiria," nilimwambia. "Ningeinua mkono tena. Lakini ningekuja hapa kwanza."

Aliufungua mlango wote. "Haya, ingia. Sasa angalau nina mtu wa kubishana naye."

Tulibishana mpaka chai ikapoa. Aliniambia watu wa klabu wangeweza kuwapa wazee mwaka mmoja wa kujiandaa, au kuwahamishia upande usio na maji. Alisema kweli, na hakuna aliyelifikiria hilo, hata mimi. Baadaye alikubali kujaribu bunduki yangu mpya, niliyoinunua kwa ajili ya marisau ya chuma. Alikosa visahani vitano mfululizo, akatukana chuma kwa maneno ambayo siyaandiki hapa. Akarudi Jumamosi iliyofuata. Wazee wengine wawili hawakurudi kamwe. Kama bata waliongezeka, sikuwahesabu.

Sasa niko Buffalo, na nimesikia kwamba wewe huko Columbus umeingizwa kwenye kamati. Basi mwanangu, ukiulizwa nani anakubali, uliza kwanza anakubali nini. Tafuta nani ataumia, umwendee nyumbani kwake kabla ya kura, si baada yake. Ukishamsikiliza na moyo bado unakwambia inua, inua, wala usijifiche. Kitu kinaweza kuwa kizuri na bado kikamwondolea mtu Jumamosi yake. Usiache kumwona mtu huyo.

Mungu akulinde njiani na kazini. Akupe watu wa kukwambia ukweli bila kukuchukia, na akupe miguu ya kuwaendea hata ikisita. Amina.