Mishumaa Yangu ya Mkia wa Kondoo

Hata leo nikipita karibu na lile kanisa la Lodwar navuta kofia mpaka kwenye nyusi, kwa sababu mbwa wa pale wananikumbuka, na waumini ndio zaidi.

Mnanijua, mimi sikai mahali. Shule niliiacha darasa la sita, nikaosha magari, nikabeba makaa, nikafika Kakuma nikamkuta Bahati, kijana Mkongo, anatengeneza mishumaa kwa mkono, nikasimama kutazama tu, na kwa vile mimi kila kitu lazima nikishike, nikabaki kwake miezi. Alinifundisha bure (ndiyo maana wivu wangu haukuwa na adabu hata kidogo).

Sasa kanisa likapanga harambee ya tangi la maji la zahanati: kila mgeni anunue mshumaa mlangoni, giza likiingia iwashwe yote pamoja. Walitaka mishumaa mia nne. Mweka hazina alikuwa Nakiru, ambaye nilikuwa nampenda zamani sana, yeye tu ndiye hakuwa na habari. Tukaitwa wote wawili kutaja bei. Bahati akaja na shati la pasi, akapewa kiti na soda baridi. Mimi, mtu wa nyumbani, nikaonyeshwa ukuta wa kuegemea. Akasema kitu, Nakiru akacheka, na naapa hakikuchekesha.

"Dada, moja ni shilingi makumi tatu," Bahati akasema. "Nta inatoka mbali, na hapa joto ni mingi, lazima nitie dawa ya kuigumisha."

"Kumi na tano!" nikadakia, hata pumzi sijavuta.

Nakiru akanitazama kwa mara ya kwanza siku ile. "Kumi na tano? Una uhakika?"

"Na usafiri juu yangu."

"Ndugu yangu," Bahati akauliza polepole, "umepiga hesabu lakini?"

Ile huruma yake ndiyo ilinimaliza. Nikapewa kazi. Nilipofika dukani nikaona nta peke yake inameza bei yangu yote kabla sijanunua hata utambi, na kurudi kusema nimekosea ilikuwa ni kumwachia Bahati kiti, soda na Nakiru. Nikaenda kwa wachinjaji, nikanunua mikia ya kondoo, ile minono ya kwetu, nikayeyusha mafuta, nikachanganya nusu kwa nusu na nta. Mishumaa ikatoka myeupe, mizuri! Nikajaribu mmoja nje, kwenye upepo, ukawaka vizuri kabisa (harufu ilichukuliwa na upepo, lakini hilo ningelijulia wapi).

Jioni ya harambee madirisha yalifungwa ili mishumaa isizimike. Ikawashwa, kanisa likang'aa, Nakiru akanitabasamia, nikamtafuta Bahati kwa macho ili aone. Ndipo mzee mmoja wa mbele akainua pua.

"Ejok, safi kabisa! Nyama inachomwa wapi?"

Mgeni wa heshima alikuwa anaeleza shida ya maji na hakuna aliyekuwa anafikiria maji. Mishumaa ikaanza kuinama mmoja mmoja, mafuta yakachuruzika mikononi, yakamdondokea mgeni kwenye suti. Kisha mbwa wakaingia, mmoja akaenda moja kwa moja kulamba kiatu cha mgeni. Pasta akapaza sauti, "Zimeni! Zimeni!" na bibi mmoja akamjibu, "Ngoja kwanza, Pasta, nijipake, haya ni mafuta safi." Ilipozimwa, moshi ukawa mbaya kuliko moto, watu wote nje, wanakohoa na kucheka, na kikapu cha mchango hakijapitishwa. Nakiru alicheka mpaka akaegemea bega la Bahati. Hilo ndilo liliniuma kuliko mbwa.

Harambee ikarudiwa Jumapili iliyofuata, kwa mishumaa ya Bahati na kwa bei ya Bahati, na mimi ndiye niliyebeba maboksi. Tangi likapatikana. Nikaapa sitataja tena bei ya kitu huku namtazama mwenzangu usoni.

Juzi Nakiru akanisimamisha sokoni. "Wewe, ile mishumaa yako imebaki? Inanisaidia sana visigino. Utaniuzia ngapi?"

Mdomo ukafunguka wenyewe kutaka kuuliza Bahati anauza ngapi. Nikauma ulimi.

"Ngoja nikapige hesabu kwanza," nikamwambia.