Kumi Wametimia

Mama yangu hajawahi kumwambia mtu ana watoto wangapi. Karani wa sensa alipofika kwetu, nje kidogo ya Garsen, alimuuliza mara tatu, na mara zote tatu mama alimjibu kwa Kiswahili chake cha sokoni, "Watoto iko." Karani akacheka. "Wangapi, mama?" Mama akamwangalia kama mtu aliyemuuliza siku yake ya kufa. "Andika ile unaona." Mimi nilikuwa kidato cha nne na nilitamani ardhi inimeze.

Kwetu sisi Waorma, mtoto hahesabiwi na ng'ombe hahesabiwi. Kuhesabu ni kuionyesha husuda mahali pa kuanzia. Jioni mama alisimama mlangoni mwa zizi la ndama, akawatazama wakiingia, halafu akasema, "Mtoto wa yule mwekundu hayupo." Nami nikatumwa kumtafuta, na kweli nikamkuta amenasa kwenye vichaka vya miiba vya mathenge. Sikumbuki siku aliyokosea.

Nikiwa chuo kikuu nilipata nafasi ya kwenda Marekani miezi miwili, kuwa mlezi kwenye kambi ya watoto wakati wa likizo yao ndefu. Mama aliposikia neno kambi aliuliza ni mto gani uliofurika huko, maana kwetu kambi ni mahema unayopelekwa mto Tana ukishaingia nyumbani. Nilimweleza kwamba hawa wanalala kwenye mahema kwa kupenda, na wazazi wao ndio wanaowapeleka. Pengine aliwahurumia. "Basi wachunge kama ndama," akasema.

Nilipewa wasichana kumi wa miaka minane na tisa. Kambi ilikuwa msituni, kando ya ziwa, na kwa kuwa sijui kuogelea nilipangiwa kukaa kwenye gati la mbao na hijabu yangu, filimbi shingoni. Kila dakika kumi nipige filimbi, watoto wasimame, niwahesabu, niandike. Wiki ya kwanza sikuhesabu. Niliwatazama tu: mwenye madoadoa usoni, mwenye pengo, anayejisemesha peke yake, mwenye kigugumizi aliyependa kushika ncha ya hijabu yangu. Nikishawaona wote, naandika kumi. Kwenye simu nilimsimulia mama mmoja mmoja, naye akawashika kichwani kana kwamba wako zizini kwake. Wa kigugumizi ndiye aliyemwulizia kila mara. "Mtoto asiyeweza kuita," alisema, "huyo ndiye wa kutazamwa."

Kiongozi wetu, msichana wa rika langu, aligundua kwamba sinyooshi kidole wala midomo yangu haichezi. Nilimweleza. Alisikiliza kwa adabu, akasema ni mila nzuri sana, ila kuanzia kesho nihesabu. Nikakubali. Ziwa halijui mila za mtu. Lakini ukweli ni kwamba niliona haya. Nilijiona mshamba aliyetoka porini na ushirikina wake, nikaazimia kuwaonyesha. Kufikia wiki ya tatu hakuna aliyenishinda kwa kasi pale ziwani. Hata niliwafundisha wasichana wangu kupiga kelele pamoja nami kwa Kiswahili, "Kumi wametimia!", na maana yake nikawaambia. Kambi nzima iliipenda. Waswahili husema mwacha mila ni mtumwa. Mimi nilikuwa mtumwa mwenye filimbi, na nilikuwa na furaha tele.

Siku moja mchana nilipiga filimbi nikahesabu kofia za manjano, maana watoto wote pale walivaa kofia za kuogelea za aina moja. Kumi. Tukapiga kelele yetu, nikaandika. Dakika haijapita, mlezi wa kundi la jirani akaja mbio, amepungukiwa na mmoja. Akamkuta katikati ya wangu, anacheza na rafiki yake. Akamkumbatia, akacheka, nami nikacheka naye. Kisha kicheko kikanikauka. Kama huyu ni wake, basi wangu ni tisa.

Niliwatazama wale tisa na sikujua ni nani hayupo. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Sikujua. Niliona kofia. Ilinibidi nishike karatasi na kusoma majina kwa sauti, mpaka jina moja likakosa wa kuitikia. Lilikuwa la yule wa kigugumizi. Watu wazima walishikana mikono wakaingia ziwani kwa mstari, wakipapasa chini kwa miguu, wakitafuta mwili. Nilibaki gatini nikimwomba Mungu na kujichukia.

Walimkuta kwenye banda la mitumbwi, amejifunika taulo. Wenzake walikuwa wamemwigiza anavyokwama na maneno, akaenda kujificha alie. Nilipopiga magoti mbele yake alihangaika muda mrefu na sentensi moja. Alisema alitaka kurudi filimbi ilipolia, ila alitusikia tukisema wametimia.

Hakuna aliyenilaumu. Kiongozi aliikagua karatasi yangu, akasema nilifuata utaratibu. Kosa lilikuwa la kofia, na kesho yake kila kundi likapewa rangi yake. Mtoto aliomba kuhamishiwa kundi jingine, akahamishwa. Hijabu yangu hakuishika tena.

Niliporudi nyumbani mama alinikalisha kando ya zizi wakati ndama wanaingia, akataka habari za wale watoto. Nilimpa kwa mbwembwe zote: wa madoadoa amejifunza kupiga makasia, wa pengo ameota jino, anayejisemesha alinililia siku ya kuagana. Niliendelea hivyo, nikicheka peke yangu, mpaka nikafika mwisho. Mama alikuwa bado anatazama mlango wa zizi.

"Yule anayekwama na maneno hujamtaja," akasema. "Yuko wapi?"