Anayefungwa Anapisha

Siku yangu ya kwanza kazini, Afisa Utamaduni wa Mkoa alinipokea akiwa amesimama. Kiti chake kilikuwa kwa seremala, na ofisi ile ya Musoma ilibaki na kiti kimoja tu cha wageni. Akanilazimisha nikikalie mimi, msichana niliyetoka chuoni na viatu vya kuazima, naye akasimama dirishani kunigawia kazi. Ngoma zilikuwa na mtu wake, kwaya zilikuwa na mtu wake, na mpira ulikuwa na wenyewe wengi kupita kiasi.

"Imebaki michezo ya mezani," akasema. "Yaani drafti. Utawafundisha."

"Mkuu, mimi drafti siijui."

"Afadhali. Hutakuwa na mazoea mabaya."

Ndivyo nilivyoajiriwa kuwa mwalimu wa mchezo nisioujua. Vijana wa leo wanacheka nikiwaambia kwamba serikali ilinilipa mshahara kwa ajili ya drafti, lakini siku zile kila ofisi na kila shirika lilikuwa na timu, na mashindano ya mikoa ya ziwa yalikuwa jambo zito. Sisi wa Mara tulikuwa tunafungwa kila mwaka. Mkuu wangu alikuwa amechoka kupigiwa simu za utani kutoka Mwanza.

Drafti ya mjini ilichezwa pembeni mwa soko, kwenye kibaraza cha duka lililofungwa kwa kukosa cha kuuza. Ilikuwa miaka ya foleni, sabuni inatafutwa kama dawa. Kwa desturi kete za drafti ni visoda. Mmoja anavilaza kifudifudi, mwenzake anavilaza chali. Lakini soda yenyewe ilikuwa imeadimika, kwa hiyo wachezaji walikata vigunzi vya mahindi na nusu yake wakaipaka masizi. Aliyecheza na kete nyeusi ulimjua mjini kwa vidole vyake.

Mchezo wenyewe nilijifunza kwa kuangalia. Kete kumi na mbili kwa kila mtu, zinakwenda kwa mshazari, na ukifika mwisho wa ubao unapata kingi anayekimbia mbali. La muhimu ni hili: ukipata nafasi ya kula, ni lazima ule, hata kama hutaki. Hapo ndipo ujanja wote ulipo. Unamlisha mwenzako kete moja, analazimika kuila, na kwa kuila anaacha mlango wazi, wewe unaingia na kubeba tatu. Mwenye kujua kulisha ndiye mchezaji. Wengine wote wanasukuma vigunzi tu.

Bingwa wa pale alikuwa Mzee Wambura, mwenyeji wa Butiama, fundi mkuu katika karakana ya shirika moja la umma. Alikuwa mnene wa shingo, mwenye kicheko cha kusikika hadi kwa wauza samaki. Akitoka kazini alikuja na ovaroli lake, anakaa kwenye benchi upande wa ukutani, na hapo hakuna aliyemtoa mpaka giza. Aligonga kete kwa nguvu mpaka za jirani zinaruka. "Leta mwingine!" alikuwa anasema. "Huyu nimeshamaliza, hata mifupa sijabakiza!"

Sheria ya kibaraza ilikuwa moja, nayo haikuandikwa popote: anayefungwa anapisha. Ukishindwa unainuka, mwingine anakaa, wewe unarudi nyuma ya foleni. Niliangalia jambo hilo wiki nyingi kabla sijaelewa kwa nini mkoa wetu unafungwa. Mzee Wambura alikuwa anacheza bila kuinuka na kuzidi kunoa ukali. Wengine walikaa dakika chache, wakaliwa, wakasimama jioni nzima wakipiga domo. Tulikuwa na mchezaji mmoja na watazamaji mji mzima, na mashindano yanataka timu.

Katika wale waliosimama nilimpenda mmoja, Masatu, fundi cherehani, Mjita wa vijiji vya ufukweni. Alikuwa mpole na mzito wa kuamua. Akikaa tu, watu walianza: "Masatu, unacheza au unapima suruali?" Naye angeharakisha kwa aibu, akaliwa.

Nikaenda kwa Mzee Wambura na wazo langu la kufundisha. Alinitazama kwa huruma kabisa.

"Binti, wewe umeshamfungaga nani?"

"Sijamfunga mtu, mzee."

"Basi wewe ni mwalimu wa kitu gani? Wa kusimama?"

Kibaraza kizima kilicheka, na mimi nilicheka nao, ila moyoni niliumia. Nilitaka mzee yule aniite mwalimu. Nilitaka hivyo kuliko nilivyotaka mshahara, ingawa mshahara nao niliutaka sana.

Nilitafuta ubao wa pili, nikauweka upande ule wa waliosimama. Aliyefungwa na Mzee Wambura nilimshika mkono kabla hajapotea. "Rudisha kete pale ulipofia," namwambia. Anazipanga. Mara nyingi hakuwa amefia alikodhani. Alikuwa amekufa hatua nne nyuma. Basi hapo panakuwa fumbo: kete ziko hivi, zamu ni yako, utaokokaje? Au tunageuza: wewe ndiye Wambura, utammalizaje huyu?

Masharti yalikuwa machache. Mikono nyuma, maana mkono una haraka kuliko jicho. Kisha unaeleza njia yote mpaka mwisho: nalisha hii, analazimika kula kwa hapa, nalisha na ile, anakula tena, halafu mimi naingia. Ukikwama katikati unaanza upya. Na ukipata njia nzuri usiikimbilie, tafuta kwanza kama ipo nyingine. Niliona kwamba watu hawashindwi kwa kukosa akili. Wanaogopa kutoa. Njia ya kuokoka ilikuwa inaanza na kete ileile waliyoipenda zaidi, na macho yao yalikuwa yanairuka kabisa.

Mkuu wangu alipita siku moja akatukuta kundi zima tumezunguka ubao usiochezwa, kimya, mikono nyuma. Akanivuta pembeni.

"Nyabise, hawa wanasali?"

"Wanahesabu, mkuu."

"Waache waendelee. Sijawahi kuwaona kimya hawa."

Nilihamishiwa Bunda kabla sijaona matunda ya kazi yangu. Huko nilifanya kazi na wakulima wa pamba waliosubiri zamu ya kupima mizigo yao. Mtu anaweza kukalia robota lake siku nzima, na hana la kufanya ila kumsema jirani. Nikachora ubao juu ya mfuniko wa sanduku, nikawapangia fumbo asubuhi, jibu jioni. Afisa Utamaduni wa Wilaya, bwana mkali aliyependa kwaya peke yake, aliniuliza faida ya mambo haya kwa taifa. Nikamjibu kwamba foleni haina ugomvi tena. Akaridhika, akarudi kwenye kwaya.

Niliporudishwa Musoma nchi ilikuwa imebadilika. Maduka yamejaa, mitumba imetandazwa hadi barabarani, soda tele, visoda unaviokota popote. Masatu alikuwa akinichekesha, anasema sasa watu wananunua suruali zilizokwisha kushonwa na Wazungu, kwa hiyo yeye ana muda wa mafumbo. Kumbe hakuwa ameacha hata siku moja. Ubao wa pili ulikuwa bado upo, yeye ndiye aliyekuwa akiupanga.

Mzee Wambura nilimkuta palepale ukutani, lakini ilikuwa asubuhi. Karakana ilikuwa imefungwa, mafundi wamepunguzwa. Alikuja na shati lililopigwa pasi kama mtu anayekwenda kazini, anakaa, anagonga kete, anacheka kicheko chake. Mkewe aliniambia nyumbani kwao Nyakato kwamba hacheki tena nyumbani. "Anasemaga bora ile benchi," akasema, "pale bado ni mtu." Basi nikaelewa kwamba mzee amebakiwa na kiti kile tu.

Wiki hiyohiyo Masatu alinijia.

"Dada, nimeshaona njia ya kumfunga mzee. Siyo moja. Nikae?"

Nilimpenda huyu na nilimpenda yule. Kumzuia Masatu kungekuwa kuwaambia wote waliosimama miaka ile kwamba tulikuwa tunajifurahisha tu. Nikamwambia akae.

Alikaa, mikono akaiweka nyuma. Watu walianza utani wao wa suruali, yeye hakusikia. Mzee Wambura alicheza kwa kishindo kama kawaida, akala kete moja, akala ya pili, akaniangalia na kucheka: "Binti, mwanafunzi wako ananipa chakula!" Alilazimika kula na ya tatu, na hapo nikaona uso wake umebadilika, maana ameiona. Masatu alichukua kete moja tu, akaruka nayo taratibu, akabeba nne na kingi, bila kugonga hata mara moja.

Kisha mtu mmoja nyuma, kwa mazoea tu, akasema, "Anayefungwa anapisha," na nadhani alitamani ayameze maneno yake.

Mzee Wambura aliinuka. Alifuta benchi kwa kiganja chake, akamwambia Masatu, "Kaa, kijana," akaondoka polepole kuelekea stendi. Kesho yake hakuja, wala kesho kutwa. Tulisikia amehama na mkewe, amerudi kwao Butiama. Mwaka ule timu yetu ilikwenda Mwanza na kurudi na ushindi, Masatu akabebwa mabegani, mkuu wangu akawapigia Mwanza simu za utani, kulipa zote alizopigiwa. Mimi nilifurahi, na nilipofika nyumbani nililia. Nilijiona nimemvua mzee nguo hadharani.

Kituo changu cha mwisho kikawa Butiama. Niliipokea barua ya uhamisho kwa hofu, na kwa miezi nilikuwa nikichagua njia zisizopita kwake. Ila mnada wa ng'ombe haukwepeki. Siku moja nilisikia kicheko kutoka upande wa wauza chumvi, kicheko kilekile, miguu ikanipeleka yenyewe.

Alikuwa amesimama. Mbele yake palikuwa na benchi, ubao, na vijana wawili wa kuchunga wanacheza. Mmoja alishinda, akainuka, akampisha mwingine. Aliyefungwa alibaki amekaa.

"Mzee," nikasema, "mbona mmegeuza?"

"Karibu, binti. Hapa kwangu anayefunga ndiye anapisha. Anayefungwa anakaa mpaka ajue."

Alinieleza bila haya. Aliporudi kijijini hakugusa kete muda mrefu. Kisha akafanya kile nilichokuwa nikiwafanyisha wenzake, akairudisha drafti ile ya Masatu hadi pale alipofia.

"Nikatafuta, nikatafuta," akasema. "Nikaona nilianza kufa zamani sana. Miaka yote ile nilikuwa nacheza na watu waliochoka kusimama. Nani angenifundisha? Mimi nilikuwa nafundisha watu kusimama tu."

Nilishika mkono wake kwa mikono yangu yote miwili, kama mtoto anavyomsalimu baba yake.

"Haya, kaa," akasema. "Sijawahi kukuona umekaa wewe."

Ni kweli. Miaka yote ya kazi sikuwahi kukaa mbele ya mtu na kucheza hadharani. Nikakaa. Akanifunga, akapisha. Wakanifunga wachungaji, wakanifunga wauza chumvi, na kwa sheria ya pale nikabaki nimekaa mnada mzima, mnada baada ya mnada, mpaka watoto wangu wakaniuliza kama nimehamia huko. Sijapata shule nzuri kama ile.

Siku ya kustaafu ofisi iliniaga kwa soda na kanga, na hotuba ndefu ambamo jina langu lilitajwa kwa kukosewa. Ilikuwa siku ya mnada. Nikaenda na kanga yangu begani, nikakaa mbele ya Mzee Wambura, ambaye sasa alikuwa anaweka kete polepole na hagongi tena. Katikati ya mchezo niliona kete yangu moja niliyoipenda sana, iliyobakiza hatua moja kuwa kingi. Niliiangalia kwa muda mrefu, mikono nyuma. Nikailisha. Akala. Nikalisha nyingine, akala, na mlango ukafunguka.

Mzee alitazama ubao uliobaki mtupu upande wake. Akafuata njia yote kwa kidole, kutoka mwisho hadi mwanzo, akatikisa kichwa kwa furaha.

"Haya, mwalimu," akasema. "Inuka, wenzako wanataka kujifunza."

Nikainuka. Mama mmoja muuza dagaa aliweka beseni lake chini, akakaa nilipokuwa nimekaa.