Drili ya Kila Kitu

Mke wangu alishikwa na uchungu nikiwa nimefungiwa stoo, na ufunguo wa nyumba uko mfukoni mwangu.

Usicheke kwanza. Siku ile hakuna aliyecheka.

Mambo yalianzia dukani. Nilikwenda kutafuta drili ya kuwekea kitasa kipya kwenye mlango wa stoo, mlango wa chuma. Muuzaji, mama mmoja mwenye miwani, akaniuliza:

"Unatoboa nini, baba?"

"Kila kitu."

"Hiyo haipo. Hii ya kugonga ni ya ukuta wa zege. Chuma hakitaki kugongwa, kinataka drili izunguke tu, taratibu, na biti, huu msumari wa mbele, iwe ya kutobolea chuma. Kama ni mlango, hii ndogo ya betri inakutosha."

Nikaitazama hiyo ndogo. Jamani! Kitu kama cha kukaushia nywele. Mwanaume mzima nitembee nacho barabarani?

Nikachukua dude la waya, zito, la kugonga, na biti zake za zege. Za chuma nikasema sizihitaji. Yule mama akanifungia mzigo wangu.

Jumamosi asubuhi nikafunga mlango mkubwa, ufunguo nikautia mfukoni. Tuna jirani ambaye akisikia kelele za ufundi tu, huyo, amekuja kutoa ushauri.

Mke wangu alikuwa sebuleni, siku zake zimekaribia. Nilikuwa nimemwahidi kwamba safari hii ya leba tunakwenda wote, nimshike mkono mpaka mwisho.

"Mume wangu, si umwite fundi?"

"Fundi si huyu hapa?"

Nikawasha. Wacha we! Biti ikateleza, ikachubua rangi, chuma kikaanza kutoa moshi. Tundu likapatikana, ila limekwenda upande, kubwa kama mdomo wa chupa. Kitasa kikakaa kimepinda. Nikasema liwalo na liwe.

Nikaingia stoo na drili yangu nijaribu kufunga kwa ndani. Kla! Kikafunga. Kufungua sasa, ufunguo wake ukakatikia humo humo.

Stoo yetu ni ndogo, imejaa baiskeli mbovu na makopo ya rangi. Dirisha hakuna, kuna tundu la hewa tu karibu na dari. Nikasukuma mlango kwa bega. Nikaupiga teke. Mguu ndio ulioumia.

"Mume wangu." Sauti ya mke wangu, na haikuwa ile ninayoijua. "Chupa imepasuka."

Nikapaza sauti: "Piga simu teksi!"

"Nimeshapiga. Ufunguo wa mlango mkubwa uko wapi?"

Nikagusa mfuko. Nyumba nzima ina nondo madirishani. Mimi nimefungwa stoo, na yeye nimemfungia ndani ya nyumba na uchungu wake.

"Ninao mimi! Vumilia, natoboa natoka!"

Nikaikandamiza drili kwenye kitasa kwa uzito wangu wote. Ikapiga kelele, mlango ukatetemeka, mikono ikafa ganzi. Biti ikawa nyekundu kwa moto, kitasa kikapata mikwaruzo. Nikabadilisha biti. Ya zege tena, ningekuwa na ipi nyingine? Nje teksi ikapiga honi, na nikizima kupumua kidogo namsikia mke wangu anagugumia. Nilikuwa nalia, sioni aibu kusema.

"Dada, fungua!" dereva akaita dirishani.

"Mume wangu..."

"Bado kidogo tu!"

"Zima hicho kitu!"

Nikazima. Sauti yake sasa ilitokea chini kabisa. Alikuwa amelala sakafuni koridoni, shavu kwenye vigae, anasubiri uchungu upite.

"Wewe mwanaume. Huo waya umepita wapi?"

Nikautazama waya. Stoo haina soketi. Waya ulitoka kwenye drili, ukapita chini ya mlango, ukaenda kuchomekwa koridoni. Na palipopita waya, mkono mzima wa mtoto ungepita.

Mungu wangu.

"Sukuma ufunguo," akasema polepole.

Nikausukuma. Nikaona vidole vyake vikiuchukua. Nilivigusa kidogo.

"Na mimi je?"

"Wewe endelea kutoboa."

Nikasikia mlango mkubwa, sauti ya dereva ikisema pole dada, pole, kisha gari likaondoka. Nikakaa juu ya kopo la rangi na drili yangu mapajani.

Jioni, mama mkwe ndiye aliyekuja na fundi. Fundi alikuwa na kile kidude cha kukaushia nywele. Akaweka biti ya chuma, akaomba mafuta ya kula kidogo ya kuipoza, akaizungusha taratibu, bila kugonga. Hata jasho halikumtoka. Mlango ulipofunguka, mama mkwe akanitazama juu mpaka chini.

"Hongera, mwanangu. Ni wa kike. Ameshazaliwa."

Mkono wa mke wangu alikuwa ameushika muuguzi.

Basi wewe unayekwenda dukani leo, usiulize ipi ni kubwa. Jua kwanza unatoboa nini. Na ukishakwama, jiulize tena kama kweli kuna cha kutoboa.

Mke wangu alinisamehe, ila hajasahau. Nikiinuka kwa kimbelembele changu kwenda kutengeneza kitu, hanizuii. Nilimsimulia ya dukani, basi ananiuliza tu, binti yetu mgongoni:

"Unatoboa nini, baba?"

Narudi kukaa.