Shali ya Sahra Ufukweni Shela

Tangu Sahra wangu afariki, nilikuwa nikichemsha chai ya vikombe viwili. Kimoja nanywa, kingine namwaga. Binti yangu Fatuma alipoona hivyo akaniambia, "Aabo, nenda Lamu. Si ndiko ulikomwahidi mama?" Kweli nilimwahidi, maana hakuwahi kuiona bahari. Nguo zake zote tulizitoa sadaka, ikabaki garbasaar moja tu, shali ya manjano. Nikaikunja, nikashika fimbo yangu, nikatoka.

Alfajiri basi liliondoka Garissa. Hadi Garsen ni vumbi, vichaka na vizuizi vya polisi.

"Mzee, kitambulisho. Unaenda Lamu kufanya nini?"

"Kutembea."

"Peke yako?"

Wallahi, hilo nalo ni swali la polisi?

Jioni boti ilituvusha kutoka Mokowe. Nilipanga chumba Shela kwa Bi Zuhura, mjane mcheshi aliyeniwekea samaki mzima mezani. Nikamwambia siwezi kula kitu kinachonitazama. Alicheka mpaka akakaa chini.

Kesho yake nilizunguka mjini Lamu: ngome, milango ya nakshi, vichochoro vya kubanana na punda. Kila nilipoona kizuri niligeuka kumwonyesha mtu, na mtu hayupo.

Alasiri nikashuka ufukweni Shela. Maji yalikuwa mbali, mchanga umelala wazi. Kwetu mchungaji akichomeka fimbo ardhini, mahali pale pana mwenyewe. Hata adui hapagusi. Nikaichomeka karibu na maji, nikaifunga ile shali juu yake. "Haya, tazama bahari yako," nikamwambia Sahra, nikaenda kuswali katika msikiti wenye mnara mweupe. Baada ya swala wazee wakanizuia kwa kahawa na maneno.

Magharibi niliporudi, ufuo haukuwapo. Maji matupu! Nikapiga kelele mpaka Bi Zuhura akaja mbio.

"Shali ya mke wangu! Niliifunga kwenye fimbo, pale!"

"Lo, mzee wangu! Hukujua maji hujaa?"

"Yajaeje, na mvua haikunyesha?"

Mimi ni mtu wa Tana. Mto wetu haufuriki hivi hivi, lazima kwanza mvua inyeshe huko juu milimani. Hapa hata wingu sikuliona.

Bi Zuhura hakucheka. "Alfajiri yatatoka," akasema. "Lakini bahari haikuchunga mbuzi, mzee wangu. Haijui fimbo ya mtu."

Alfajiri yalitoka kweli. Fimbo ilikuwa palepale, imeinama kidogo. Shali hakuna. Nilitembea ufuo mzima nikiitafuta, huku nikiita jina la Sahra kama mwehu, kisha nikaketi mchangani nikalia.

Njiani kurudi, kwenye kizuizi, wakaniuliza tena, "Peke yako?"

"Peke yangu," nikajibu.

Nyumbani Fatuma alitaka kujua nimejifunza nini huko. Asubuhi nikapima maji ya kikombe kimoja, nikayateleka. Sikujua kumbe huchemka upesi hivyo.