Mabishano Yetu Juu ya Ushahidi wa Yaya

Miaka ya sabini ilipoanza nilikuwa karani katika kampuni ya bima katikati ya Nairobi. Mimi na mke wangu tulikuwa tumetoka Mombasa, tukapanga kijumba nyuma ya nyumba ya tajiri mmoja Kileleshwa. Maisha yetu yalikuwa ya kawaida: kazi, swala ya Ijumaa mjini, chai ya jioni. Halafu nikaitwa kortini niwe mshauri wa jaji.

Siku hizo kesi ya mauaji haikusikilizwa na jaji peke yake. Raia watatu walikaa kando yake, wakasikiliza mashahidi wote, na mwisho kila mmoja akasimama kusema kama mshtakiwa ana hatia au hana. Jaji aliyasikia maoni yao, lakini hakulazimika kuyafuata. Tuliambiwa hivyo tangu mwanzo, nami sikulitilia maanani.

Mshtakiwa alikuwa askari polisi, kijana mwembamba aliyevaa suti iliyompwaya. Marehemu alikuwa mng'arisha viatu aliyekaa kwenye baraza la maduka mjini. Upande wa mashtaka ulisema askari alikwenda kuwafukuza wang'arisha viatu pale. Wenzake marehemu wakakimbia, yeye akarudi kuchukua kisanduku chake cha brashi, ndipo askari akampiga rungu kichwani. Alifia hospitalini bila kuzinduka. Askari alisema hakumgusa kabisa. Kijana aliteleza akikimbia, akagonga kichwa kwenye ukingo wa barabara. Daktari aliona jeraha moja tu, nyuma ya sikio, akasema lingeweza kutokana na rungu au na jiwe la ukingo.

Kwa hiyo kesi nzima ikawaangukia watu wawili waliokuwapo.

Wa kwanza alikuwa tarishi wa ofisi moja ya jirani. Alisimama wima, akajibu bila kusitasita. "Kijana alikimbia, akapoteza mizani, akaangukia ukingo wa barabara," alisema. Wakili wa askari akamshukuru, naye akashuka.

Wa pili alikuwa mwanamke wa makamo, yaya katika nyumba moja ya Kileleshwa. Siku ile mwajiri wake alikuwa amemtuma mjini kununua sare za shule za watoto. Alisema alikuwa ng'ambo ya barabara, na aliona rungu likipanda na kushuka mara nyingi. Alizungumza polepole, amekishika kizimba kwa mikono miwili kama mtu aliyesimama ndani ya lori linalokwenda. Wakili akamsogelea.

"Mama, kwenye taarifa yako polisi uliandikisha kwamba alipigwa mara moja. Leo unasema mara nyingi. Tuchukue ipi?"

"Alipigwa, bwana."

"Sikuulizi hilo. Mara ngapi?"

"Nilifumba macho."

"Kwa hiyo hukuona."

"Niliona. Ndiyo maana nikafumba macho."

Mtu mmoja nyuma alicheka. Wakili aliinua mabega, akaketi. Yule mama aliendelea kusimama kizimbani, hajui kama amemaliza, mpaka karani wa korti alipomgusa kiwiko.

Ushahidi ulipokwisha, sisi washauri tulipelekwa kwenye chumba kidogo kilichotazama magari yaliyoegeshwa. Mvua ya rasharasha ilikuwa ikinyesha. Wenzangu walikuwa mzee mmoja wa Waithaka, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, na Singasinga aliyekuwa mkandarasi wa majumba, kilemba chake cheupe hakina kunyanzi hata moja. Mkandarasi alianza kabla hatujakaa vizuri.

"Mimi nasema ukweli yangu," alisema. "Hii mama ni mtu mzuri. Lakini yeye nasema piga mingi, daktari nasema kidonda moja. Sasa hiyo ingine ilienda wapi?"

Mzee alivua kofia, akaiweka magotini.

"Bwana, wewe umewahi kupigwa rungu?"

"Hapana."

"Mimi nimepigwa. Wakati wa hali ya hatari ya mkoloni, kambini. La kwanza lilinipata hapa." Aligusa utosi. "Mengine yaliangukia mabegani, kwenye mikono, sijui wapi. Ukinivua shati leo utaona kovu moja. Lakini mimi mwenyewe siwezi kukuambia yalikuwa mangapi. Na huyo mama unataka awe amehesabu?"

"Lakini daktari iko na macho. Bega ilipigwa, daktari itaona."

"Daktari aliulizwa kuhusu bega? Mimi sikusikia akiulizwa."

Nami sikuwa nimesikia. Tulijaribu kukumbuka, na hakuna aliyekumbuka.

Nikawaambia kilichokuwa kinanisumbua mimi. Tarishi alisema kijana "alipoteza mizani." Askari naye, alipojitetea, alisema maneno hayo hayo, kwa mpangilio ule ule: alikimbia, akapoteza mizani, akaangukia ukingo wa barabara. Kazini kwangu nilikuwa nasoma maelezo ya watu waliopata ajali. Watu wawili walioona gari moja likipinduka hawalielezi sawasawa. Mmoja atasema liliruka, mwingine atasema lililala. Wakisema sawa neno kwa neno, tulikuwa tunauliza walikutana wapi.

"Pengine maneno ni ya mkalimani," mkandarasi alisema.

"Tarishi alizungumza Kiswahili. Nilimsikia mwenyewe."

Alisimama akaenda dirishani, akatupa mgongo. Alipozungumza tena sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Nyinyi watu ya hapa. Kesi ikiisha, nyinyi naenda nyumbani. Mimi nalipa watu sitini kila Jumamosi, lori yangu napita barabarani kila siku, na kila kona iko askari. Mwaka huu ndugu yangu amepoteza leseni ya duka, wanasema yeye si mtu ya hapa. Mtu kama mimi nikisimama pale mbele niseme polisi ni muuaji, itakuwaje?"

"Hatukuulizwa itakuwaje," mzee alisema kwa upole. "Tumeulizwa kama alimpiga."

"Mimi naamini alimpiga," mkandarasi alisema. "Naamini kabisa. Lakini kuamini na kujua si kitu moja. Jaji alisema lazima tuwe na hakika."

Hapo mabishano yakaisha, maana nilijua hasemi uongo. Hakuwa na hakika. Na pia aliogopa. Na hata yeye hangeweza kutenganisha kipi ni kipi. Mzee alivaa kofia. Hakuna aliyegusa chai tuliyoletewa.

Tuliporudi kortini, tulisimama mmoja mmoja. Mzee alisema, "Ana hatia." Nikasimama mimi, askari ananitazama usoni. Nikasema namwamini yule mama, na kwa maoni yangu askari ana hatia. Mkandarasi alitazama sakafu akasema hana hakika, kwa hiyo hana hatia. Kesho yake jaji alisoma hukumu. Alisema shahidi mkuu alikuwa mkweli lakini amechanganyikiwa, na kwamba pamoja na heshima yake kwa washauri wawili, shaka iliyobaki ni ya mshtakiwa. Askari akaachiliwa. Alitoka akipeana mikono na wenzake, na miezi michache baadaye nilimwona kwenye makutano ya barabara mjini, glavu nyeupe mikononi, akiongoza magari. Nilivuka kama watu wengine alipotupungia.

Lakini kabla ya hapo nilikuwa nimekutana na yule mama. Ilikuwa asubuhi ya Jumapili, Kileleshwa, ninakwenda kununua mkate. Alikuwa amesimama chini ya ua wa michongoma, sanduku la mbao liko miguuni, koti la kiume begani. Sikujua nipite au nisimame. Yeye ndiye aliyenisemesha.

"Wewe ulikuwa kando ya jaji."

"Ndiyo, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Ulisema unaniamini."

"Nilisema. Na bado nakuamini."

"Jaji hakukusikia?"

"Alinisikia."

Alitikisa kichwa taratibu, kama anayepokea bei ya kitu asichoweza kununua. Akaniambia mwajiri wake amemwachisha kazi. Watu wawili wasiovaa sare walikuja kuuliza kama ndiye anayekaa hapo, wakaondoka bila kusema shida yao. Mwajiri akaona hataki mambo. Sasa alikuwa anangoja mpwa wake aje amsaidie mzigo hadi kwenye basi la kwenda kwao.

"Ningesema mara moja," aliniuliza, "kama ile karatasi yao ilivyosema, wangenikubali?"

Nilitaka kumwambia ndiyo, kisha nikataka kumwambia hapana. Vyote viwili vingekuwa vya kumfariji, na sikuwa na hakika na kimoja.

"Sijui, mama."

"Mimi pia sijui," alisema. "Usiku nikilala najaribu kuhesabu."

Niliinama nimbebee sanduku mpaka barabarani, akaweka mkono juu ya kifuniko. Akasema mpwa wake atamkosa asipomkuta hapo, niende tu, mkate utakwisha.